Kuhesabu kifaru, kumsahau askari wake

Kiswahili kina jina la ndege ambalo peke yake ni taarifa kamili. Ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu, anayeshinda migongoni mwa wanyama wakubwa akidonoa kupe, anaitwa askari wa kifaru. Aliyempa jina hakumwita mla kupe wala msafishaji. Alimwita askari. Maana yake alikaa porini muda wa kutosha kuona kwamba kazi ya ndege huyu ni lindo, na kwamba hilo lindo ndilo lenye kustahili jina, kuliko hicho anachokula.

Mwaka 2020 watafiti wawili, Roan Plotz na Wayne Linklater, walichapisha kazi iliyolipima jina hilo. Walifanyia kazi katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi, Afrika Kusini, kwenye vifaru weusi. Njia yao haikuwa na makuu: mtu mmoja anamwendea kifaru kwa miguu kutoka upande ambao upepo haupeleki harufu yake, mwenzake anaandika kifaru amegutuka mtu akiwa umbali gani. Kifaru asiye na ndege mgongoni alimgundua mtu mara 23 tu katika kila 100. Mwenye ndege alimgundua kila mara. Na alimgundua mapema: kwa wastani mtu akiwa bado mita 61, wakati yule wa peke yake alishtuka mtu akiwa amefika mita 27. Kila ndege aliyeongezeka mgongoni aliongeza takriban mita tisa. Kifaru ana pua na masikio ya ajabu lakini macho yake ni mabovu. Basi macho ya kuonea mbali ameyakodi.

Nasema ameyakodi, sisemi amepewa, kwa sababu askari huyu hujilipa mwenyewe. Pamoja na kupe hunywa damu, na kidonda cha mnyama hukidonoadonoa kisipone upesi. Mwaka 2000 Paul Weeks alichapisha matokeo ya majaribio kwenye ng'ombe huko Zimbabwe: ng'ombe waliokingwa wasiguswe na ndege hawa hawakuwa na kupe wengi kuliko wenzao, ila vidonda vyao vilipona haraka zaidi. Kwa ng'ombe aliye zizini, ambaye ana mchungaji wa kumtazamia simba, ndege huyu ni mzigo. Kwa kifaru anayewindwa na mtu mwenye bunduki, bei hiyo ya damu ni nafuu. Ndege ni yule yule na mdomo ni ule ule. Kinachobadilika ni adui anayekuja, na adui ndiye anayeamua kama huyu ni mlinzi au ni mnyonyaji.

Ninaanza na ndege huyu kwa sababu ya jambo moja linalonikera katika namna tunavyozungumza kuhusu uhifadhi. Tunahesabu viumbe. Tembo wangapi, vifaru wangapi, simba wangapi, wamepungua au wameongezeka. Mapatano yaliyopo kati ya kiumbe na kiumbe hatuyahesabu, na mapatano hayo yanaweza kufa wakati wahusika wote wawili bado wako hai, kila mmoja amejaa tele kwenye orodha yake.

Yaliyompata askari wa kifaru kusini mwa Afrika ni mfano. Hakuna aliyekusudia kumwangamiza. Wafugaji walikuwa wakiogesha ng'ombe kwenye majosho yenye dawa kali, baadhi yake zilizotengenezwa kwa aseniki, na ndege aliyemeza kupe alimeza na dawa. Wanyama wa porini nao walikuwa wakimalizwa na wawindaji. Ndege akakosa kupe walio salama, akakosa na migongo ya kuwatafutia. Kwa upande wa pili, kifaru mweusi aliporomoka Afrika nzima kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi karibu 2,400 katikati ya miaka ya 1990. Leo wanaongezeka, na ni jambo la kushukuru. Lakini kifaru anaweza kuhamishwa kwa lori au kuninginizwa kwenye helikopta, akashushwa kwenye hifadhi mpya, akapigwa picha na kuingizwa kwenye takwimu, hali mgongo wake ni mtupu. Kwenye karatasi kifaru amerudi. Kwa mwindaji haramu anayenyatia kinyume cha upepo, amerudi kifaru asiyeona.

Mkataba mwingine ni mkubwa zaidi kwetu kwa sababu upande mmoja wake ni sisi wenyewe.

Mlembe, ambaye wengine humwita kiongozi wa asali, ni ndege wa rangi ya kijivu asiye na cha kujivunia kwa sura. Anakula nta, kitu ambacho ndege wachache mno wanaweza kukimeng'enya. Anapajua palipo na nyuki, lakini hawezi kupafungua: mzinga umo ndani ya shina, na nyuki wa Afrika hana subira. Basi humtafuta mtu. Huja karibu, hulia kwa sauti ya kuhangaika isiyofanana na wimbo wake wa kawaida, huruka mti mmoja mbele, husubiri, huruka tena. Mtu ana moto, moshi na shoka. Anatoboa, anarina asali, na mlembe anajipatia nta na majana. Padre Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, mwaka 1588, aliandika habari za ndege aliyeingia kanisani mwake kudonoa mishumaa ya nta, akaeleza pia jinsi ndege wa namna hiyo walivyowaongoza watu kwenye asali. Wenyeji wa Sofala, bila shaka, hawakuhitaji padre awaambie.

Katika sayansi ya sasa mtu wa kwanza kulithibitisha jambo hili kwa tarakimu alikuwa Mkenya, Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, akishirikiana na H.-U. Reyer. Mwaka 1989 walichapisha matokeo ya miaka mitatu ya kufuatana na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, katika eneo wasilolizoea, Waborana walitumia kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Na kati ya mizinga iliyopatikana, asilimia 96 ndege asingeweza kuifikia kabla mtu hajaifungua kwa moto na zana. Waborana wana mbinja yao ya kumwitia ndege, huitwa fuulido, wanayoipuliza kwa ngumi zilizokunjwa, kwa kaka la konokono au kwa kokwa la mkoma. Huwa napenda kuwaza mtoto wa Kiborana akifundishwa kupuliza kokwa, siyo kwa mchezo bali kwa sababu huko juu kuna mtu wa kuitikia, isipokuwa mtu huyo ana mabawa.

Kisha ikaja habari iliyonifanya niamini kwamba hapa kuna kitu kinachostahili kuitwa lugha. Claire Spottiswoode alifanya kazi na Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambao humwita ndege kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia kwa mguno. Mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuishia kwenye mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54. Mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakaongeza swali la uchokozi: itakuwaje ndege wa Niassa akiitwa kwa mbinja ya Wahadzabe, na ndege wa milima ya Kidero, nchi ya Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi kwetu Tanzania, akiitwa kwa mlio wa Wayao? Ndege wa Kidero waliitikia mbinja ya Kihadzabe zaidi ya mara tatu ya walivyouitikia mlio wa Kiyao. Wa Niassa waliitikia mlio wa nyumbani kwao karibu mara mbili ya ule wa wageni. Mlembe wa Eyasi na mlembe wa Niassa ni ndege wa aina moja, lakini kila mmoja ana lahaja ya watu wa kwao.

Lahaja hiyo hakuirithi kwa mama yake. Mlembe jike hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, mara nyingi keremkerem, yule mla nyuki mwenye rangi za kupendeza. Kifaranga cha mlembe huanguliwa kipofu, lakini mdomoni ana ndoano mbili kali, na kwa hizo huwaua watoto wa mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine ili alishwe peke yake. (Nawaombea subira wanaopenda kumtolea mlembe mifano kwenye semina za ushirikiano kazini.) Akikua, hakuna mzazi wa kumfundisha kwamba binadamu ana moto. Inaelekea hujifunza ukubwani, kwa kuzunguka na kusikia ni sauti ipi inayofuatwa na harufu ya moshi na nta iliyomwagika.

Na malipo? Wayao humwachia ndege nta, wakaitandika juu ya majani mabichi. Wahadzabe wamezoea kuichoma, kuifukia au kuificha, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Wapo wanaosema huo ni ukatili. Mimi naona ni majadiliano ya bei tu, na mpaka leo hakuna upande uliojitoa. Utafiti wa Wood na wenzake wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba asali iliyopatikana kwa msaada wa ndege ilikuwa kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chote cha Wahadzabe waliochunguzwa. Kwa watu wanaokula wanachokiokota na kuwinda, hilo si kitindamlo.

Hatari inayomkabili mlembe ni kunyamaza. Kwenye orodha za viumbe walio hatarini hayumo. Amejaa kusini mwa Sahara. Lakini tangu katikati ya karne iliyopita watafiti wameandika kuhusu maeneo ambako ndege yuko na haongozi tena, kwa sababu anaowaita hawafuati. Dukani kuna sukari. Mizinga ya kufuga imeingia. Hifadhini ni marufuku mtu kuingia na shoka na moto, na marufuku hiyo ina sababu zake: moto wa mrina asali mmoja mzembe unaweza kula msitu kwa siku tatu. Sisi tunaotoka upande wa Tabora tunaijua asali na tunaujua moto. Sitaki mtu yeyote alazimishwe kubaki porini na njaa ili ndege asikose mteja, huo utakuwa ujinga wa watu walioshiba. Ninachosema ni kwamba mazungumzo haya ni ya kale kuliko soko lolote tulilonalo. Yakikatika mahali, hakuna taarifa yoyote ya serikali itakayoyataja, maana idadi ya ndege haitakuwa imebadilika hata kidogo.

Msomaji anaweza kusema huo ni utamaduni, si ikolojia. Haya, twende Laikipia, Kenya.

Kwenye udongo mweusi wa huko, ule ambao mvua ikinyesha kidogo gari linazama hadi mhimili, umeota mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Wataalamu wanauita Vachellia drepanolobium. Sisimizi hutoboa vinundu hivyo na kuvifanya nyumba, na upepo ukipita kwenye matundu mti mzima hupiga mluzi. Mti huwapa sisimizi nyumba na maji matamu yanayotoka kwenye vitezi vya majani. Sisimizi hulipa kwa ulinzi: tembo akigusa tawi, wanamiminika puani. Mwaka 2010 Jacob Goheen na Todd Palmer walionyesha kwamba mti ukiondolewa sisimizi, tembo huula kama anavyokula miti mingine anayoipenda. Mnyama wa tani kadhaa anarudishwa nyuma na wadudu wa milimita chache, kwa kuwa wanajua pa kumuuma.

Unyamwezini na Usukumani tuna neno la kulielewa hili haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walipochoshwa na wezi wa ng'ombe walijipanga kwa pinde na mishale, wakajiita sungusungu, jina la sisimizi weusi wanaouma. Kijiji kinachanga, sungusungu wanalinda. Sasa waza wezi wakitoweka miaka kumi mfululizo. Nani ataendelea kuchanga?

Swali hilo hilo liliulizwa mti. Tangu mwaka 1995 katika kituo cha utafiti cha Mpala kumekuwa na viwanja vilivyozungushiwa uzio ili wanyama wakubwa wasiingie. Palmer na wenzake walichapisha mwaka 2008 hali ya migunga baada ya miaka kumi bila tembo, twiga wala swala. Ungedhani imenawiri, maana hakuna wa kuila. Kumbe mti, kwa kuwa hauguswi, ulipunguza mchango: vitezi vya maji matamu vikawa vichache, vinundu vikawa vichache. Sisimizi walinzi hodari wakadhoofika, na nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine, mpangaji asiyelinda chochote, asiyehitaji vinundu kwa kuwa hulala kwenye matundu yaliyotobolewa na mbawakawa ndani ya shina. Mpangaji huyu huwafungulia mbawakawa mlango. Miti aliyohamia ilikua polepole zaidi na kufa kwa kasi ya karibu mara mbili. Aliyekuwa akiulinda mti usife, kwa mzunguko wa mbali, alikuwa tembo anayetaka kuula.

Hapa ndipo hoja ya kuhesabu inapoumbuka. Mtu angehesabu migunga ndani ya uzio mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, aandike "hali shwari". Miti ipo. Sisimizi wapo. Kilichoondoka ni sababu ya kuhitajiana, nayo haionekani kwa darubini wala kwa ndege ya sensa.

Laikipia imepata pigo la pili kutoka upande wa kinyume. Sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, anayedhaniwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, ameingia na kuwaua sisimizi wa migunga bila kuchukua kazi yao. Mti uliobaki bila ulinzi tembo huuvunja, na kwa miaka michache nyika yenye vichaka hugeuka uwanda wazi. Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walifuatilia kamba hiyo hadi mwisho wake katika hifadhi ya Ol Pejeta, wakachapisha Januari 2024: simba huotea, na pasipo kichaka pa kuotea pundamilia humwona mapema. Pundamilia waliuawa na simba karibu mara tatu zaidi katika maeneo ambayo sisimizi mgeni hajafika. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo kabisa, wamepanda hadi asilimia 42. Simba hawakupungua. Sensa ya simba isingesema kitu. Lakini kumkamata nyati si sawa na kumkamata pundamilia, na simba wa Ol Pejeta wanaishi maisha mengine kwa sababu ya ugomvi wa wadudu ambao wao hawaujui.

Nigusie na uyoga, kwa haraka, kwa sababu masika yakifika kila msafiri wa barabara za miombo anauona kwenye mabeseni ya akina mama kandokando ya lami. Uyoga mwingi wa miombo haupandwi shambani kwa sababu mwili wake halisi umo ardhini, umejifunga kwenye mizizi ya miti ile: kuvu huupatia mti maji na madini, mti huilipa kuvu sukari. Kata miti upike mkaa, beseni limekwisha, hata kama udongo umebaki pale pale. Wakoloni na wataalamu wa misitu walilijifunza hilo kwa hasara katika nchi nyingi za tropiki, pale miche ya misindano ilipogoma kukua hadi walipoleta udongo wa kitalu cha zamani ukiwa na kuvu yake. Walikuwa wameleta mti bila mwenzake.

Nikirudi kwa kifaru, kuna waliokwisha kuona kwamba mapatano yanaweza kuhudumiwa kama kiumbe kinavyohudumiwa. Huko Afrika Kusini waliwakamata ndege hawa mahali walipobaki wengi, kama Kruger, wakawahamishia mbuga nyingine, na wakawashawishi wafugaji watumie dawa za josho zisizoua ndege. Kazi ya josho hapo ilikuwa nzito kuliko ya kuhamisha ndege, kwani ilibidi kuzungumza na watu ambao ng'ombe wao hawafaidiki sana na ndege huyo.

Kwetu inaweza kuanza kwa gharama ndogo zaidi. Askari wa hifadhi wanaofuatilia vifaru tayari wanajaza fomu: jina la mnyama au alama ya sikio, jinsia, hali ya mwili, alikoonekana, saa. Iongezwe safu moja: ndege mgongoni, wangapi. Kwenye fomu za maeneo ya wahifadhi wa jamii na za warina asali wenye vibali, iongezwe nyingine: mlembe ameita, ndiyo au hapana, amefuatwa, ndiyo au hapana.

Safu mbili. Kalamu askari anayo.